Kujikubali na Kujikana: Somo Kutoka Maisha ya John Candy



Kabla hujaendelea, fungua Biblia usome Marko 12:28-34, halafu rudi nyuma kidogo usome Marko 8:34. Weka alama sehemu zote mbili, tutazihitaji.

Jina la John Candy huenda halikuambii kitu, lakini sura yake unaijua. Kila Krismasi televisheni zinaporudia Home Alone (1990), yupo yule baba mnene, kiongozi wa bendi ya polka, anayempa lifti mama yake Kevin pale mambo yalipomkwamia kabisa. Ndiye yeye. Na kama umeangalia Cool Runnings (1993), ile ya vijana wa Jamaika wanaokwenda kushindana kwenye barafu wakati kwao hakuna hata theluji, basi kocha wao, Irv, ndiye yeye tena. Alizaliwa Kanada, jimbo la Ontario, tarehe 31 Oktoba 1950, katika familia ya Kikatoliki ya watu wa kawaida. Alisoma sekondari ya Kikatoliki ya Neil McNeil huko Toronto, akaanzia uchekeshaji kwenye jukwaa la Second City na kipindi cha televisheni cha SCTV, kisha Hollywood ikamchukua. Alifariki usingizini tarehe 4 Machi 1994 huko Durango, Mexico, alikokuwa ameenda kuigiza filamu. Miaka 43 tu.

Mwaka 2025 ilitoka dokumentari ya maisha yake, iliyoongozwa na Colin Hanks, mtoto wa Tom Hanks aliyeigiza na Candy kwenye Splash (1984). Ilifungua tamasha la filamu la Toronto tarehe 4 Septemba, na kuanzia Oktoba 10 ikawa kwenye Prime Video. Inaitwa John Candy: I Like Me. Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yamenifanya niandike.

Nitayatafsirije? "Najipenda" ni tafsiri ya haraka, ila Kiswahili kina mtego hapo. Mtaani ukisema "yule dada anajipenda", una maana anavaa vizuri, ananukia, nywele zimekaa sawa. Ni sifa. Lakini mhubiri akisema kanisani "watu wa siku hizi wanajipenda", kila mtu anainamisha kichwa, maana sasa ni dhambi, ni ubinafsi. Neno moja, sifa Jumamosi na dhambi Jumapili. Nafikiri vijana wametafuta neno lingine kwa sababu hiyo hiyo, wanasema "najikubali". Na ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na maneno ya Candy. Najikubali.

Maneno yanatoka kwenye filamu yake ya 1987, Planes, Trains and Automobiles, iliyoandikwa na kuongozwa na John Hughes. Candy ni Del Griffith, mchuuzi anayezunguka Marekani akiuza pete za kuning'inizia mapazia ya bafuni. Steve Martin ni Neal, mtu wa ofisini, suti na haraka, anayetaka kufika kwake Chicago kula Sikukuu ya Shukrani na familia. Hali ya hewa inaharibika, ndege zinakwama, na hawa wawili wanajikuta wanalala chumba kimoja cha hoteli ndogo, kitanda kimoja. Neal anachoka. Anamlipukia Del. Anamwambia hadithi zake hazina maana, anaongea bila breki, hana anachojua isipokuwa kuchosha watu. Na kamera, badala ya kubaki kwa anayesema, inatuonyesha uso wa anayeambiwa. Kwanza anatabasamu kidogo kama mtu anayesubiri utani uishe. Halafu anaelewa kwamba si utani.

Jibu la Del ndilo nataka uliangalie kwa makini. Harudishi matusi. Anakiri kwamba ndiyo, anaongea sana, na kwamba kumuumiza mtu kama yeye ni rahisi. Anamwambia Neal afikirie anavyotaka, yeye hatabadilika. Anajikubali. Mke wake anamkubali, wateja wake wanamkubali, kwa sababu alivyo nje ndivyo alivyo ndani. Kisha kimya.

Sasa swali la somo letu. Je, Mkristo anaruhusiwa kusema hivyo?

Usilijibu haraka. Marko 8:34 umeisoma. Anayetaka kumfuata Yesu ajikane, auchukue msalaba wake. Hajasema ajikubali. Na Mtakatifu Paulo, katika 2 Timotheo 3:2, anapotaja watu wabaya wa siku za mwisho, wa kwanza kwenye orodha ni wanaojipenda wenyewe. Kwa hiyo kijana anayeandika "najikubali" chini ya picha yake anaweza kuwekewa mistari hiyo miwili na akakosa la kusema. Nimeona ikifanyika, na aliyeiweka aliondoka akijiona ametetea imani.

Lakini umesoma pia Marko 12:31. Mwandishi wa sheria anauliza amri iliyo kuu, Yesu anajibu kwa kuunganisha mbili: kumpenda Mungu kwa yote uliyo nayo, na kumpenda jirani kama wewe mwenyewe, ambayo imetoka Walawi 19:18. Angalia vizuri amri ya pili ilivyojengwa. Ina kipimo ndani yake, na hicho kipimo ni wewe. Ukimwambia fundi "nikatie mbao kama hii" halafu ukampa mbao iliyooza, atakata sawasawa na ulivyomwagiza, na nyumba itaanguka. Mtu anayejichukia na bado anajitahidi kumpenda jirani kama nafsi yake, jirani naye ana kazi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliuliza swali letu waziwazi. Ni katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 25, kifungu cha 4: je, mtu ajipende mwenyewe kwa upendo ule wa kimungu? Na pingamizi analoliweka ni huo huo mstari wa Paulo kwa Timotheo. (Hiki ndicho ninachokipenda kwa Thomas, pingamizi lako ameshakuandikia mwenyewe, tena kwa lugha nzuri kuliko yako.) Jibu lake ni ndiyo, ajipende. Upendo huo ni urafiki na Mungu kwanza, halafu unaenea kwa vyote vilivyo vya Mungu, na wewe ni mmoja wapo. Huwezi kusema unampenda Mungu na vitu vyake vyote isipokuwa kimoja, ambacho kwa bahati mbaya ni wewe. Wale anaowakemea Paulo, Thomas anasema, wanajipenda kwa upande wa tamaa za mwili peke yake, wanajinyima mema yaliyo makubwa zaidi. Shida yao ni kwamba wanajipenda kidogo mno na vibaya.

Kwenye kifungu cha 7 anaongeza jambo ambalo ningetaka kila kijana mwenye simu alisikie. Anasema watu wema wanafurahia kurudi ndani ya mioyo yao na kukaa na nafsi zao, na waovu hawapendi kukaa na nafsi zao. Huu ni karne ya 13, hakukuwa na chaji wala bando. Jipime. Umeme umekatika, simu imezima, uko peke yako chumbani kwa saa nzima. Unakaa na nani, na huyo unayekaa naye unamkubali?

Ndiyo maana kujikana hakupingani na kujikubali. Kinachokanwa ni yule mtu bandia tunayemjenga ili tusidharauliwe. Del hana huyo mtu bandia, nje na ndani ni mmoja. Neal ndiye mwenye kitu cha kukana.

Aliyesema hayo maneno

Hapa ndipo dokumentari inapouma. Del aliweza kusema anajikubali. John je?

Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 35, John akiwa mtoto wa miaka mitano. Aliishi na kivuli hicho maisha yake yote. Tunamwona akikua, anachekesha, anapendwa, anaoa, anapata watoto wawili, anapata hela, hadi mwaka 1991 anakuwa mmoja wa wamiliki wa timu ya mpira ya Toronto Argonauts na wanachukua kombe la Kanada mwaka huo huo. Na tunaona wenzake, Eugene Levy, Catherine O'Hara, Martin Short, Dan Aykroyd, wakisema kwa namna tofauti jambo moja, kwamba alishindwa kumwambia mtu hapana. Bill Murray anatania kabisa kwamba angetamani kupata baya la kusema juu yake.

Halafu zinakuja zile video za zamani za mahojiano. Mtangazaji amekaa na tabasamu lake, anamuuliza kuhusu uzito. Si mmoja. Mmoja baada ya mwingine, miaka na miaka, mbele ya kamera, wanamuuliza mwili wake kana kwamba ni mali ya umma. Naye anajibu kwa adabu, anachekesha kidogo, anapita. Lakini sasa sisi tumeshaujua ule uso. Ni ule wa hotelini, tabasamu la mtu anayesubiri utani uishe. Miaka ya mwisho alikuwa akishikwa na wasiwasi mkali na hofu za ghafla, na alikuwa ameanza kutafuta msaada wa mtaalamu.

Vijana, karibu kila darasa lililowahi kuwepo lina "Bonge" wake. Sekondari sisi tulikuwa na mmoja tuliyemwita Tanki, na alikuwa wa kwanza kucheka jina lake. Alijitania kabla hujamtania, ndiyo ilikuwa silaha yake. Watu wakasema ana moyo mkubwa. Labda. Au labda alijifunza mapema kwamba kama ni lazima wacheke, basi afadhali wacheke kwa saa aliyoichagua yeye.

Kwa hiyo tuulize kuhusu kicheko chenyewe. Kanisa haliogopi kicheko, hili liko wazi. Thomas, swali la 168, anasema kuna fadhila ya kuchekesha na kucheza kwa kiasi, na anasimulia kisa cha kale cha Mtakatifu Yohane Mwinjili, jinsi watu walivyokwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja aliyekuwa na upinde apige mshale, na mwingine, na mwingine, kisha akamuuliza kama anaweza kuendelea bila kupumzika. Yule akasema upinde utavunjika. Basi na akili ya binadamu vilevile. Thomas anaendelea mpaka kwa waigizaji wa kuchekesha na kusema kazi yao kwa yenyewe ni halali, inawapa watu faraja, alimradi hawatumii maneno au matendo machafu. Hata kutokucheka kabisa, kuwa mzigo wa huzuni kwa wenzako, anasema kunaweza kuwa dhambi. (Kuna wanakwaya wa kuwasomea kifungu hicho, cha 4.) Na tarehe 14 Juni 2024, Papa Fransisko aliwakaribisha Vatikani wachekeshaji zaidi ya 100, akawaambia hata kumtania Mungu kunawezekana bila kukufuru, kama tunavyowatania tunaowapenda. Conan O'Brien alikuwepo, na yumo pia kwenye dokumentari hii, akisimulia Candy alivyokuja kuwatembelea alipokuwa mwanafunzi wa Harvard.

Lakini Thomas amejifunza fadhila hii kwa Aristotle, na Aristotle aliweka onyo. Upande mmoja wa fadhila kuna mtu mkavu asiyecheka. Upande mwingine kuna yule mtumwa wa kuchekesha, ambaye ili watu wacheke hamhurumii mwingine, wala hajihurumii mwenyewe. Tunapoisoma sehemu hii tunakimbilia nusu ya kwanza, tunaonya watu wasiwatanie wengine vibaya. Hilo la kutojihurumia linapita kimya. Kumbe kujidhalilisha kwa ajili ya kicheko nako ni kuvuka mpaka. Sisi wenye utani wa makabila tunalijua jambo hili vizuri kuliko Wagiriki. Mtani anakusema mpaka msibani, lakini utani una mlango, na wewe una haki ya kurudisha. Tanki alikuwa anarudisha kwa nani?

Juu ya mwili

Nisiishie kusema "jikubali ulivyo" kama maandishi ya kwenye fulana. Candy alikuwa mnene, alivuta sigara sana, alikunywa, alifanya kazi bila kupumzika, na moyo ulikuwa ugonjwa wa familia. Katekisimu, namba 2288, inasema uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, tuzitunze kwa busara. Namba 2290 inataja kiasi, na inataja chakula, pombe na tumbaku kwa majina. Hiyo ni amri ya tano, Usiue. Kujitunza si urembo.

Ila katikati ya hizo mbili kuna 2289, inayokataa kuuabudu mwili na kuutolea kila kitu sadaka kwa ajili ya umbo zuri. Namba hizi tatu zinasomwa pamoja. Anayemcheka mnene hajashika 2290, amevunja 2289, maana ameupima ubinadamu kwa umbo. Wale watangazaji hawakumuuliza Candy afya yake. Daktari anauliza afya, rafiki anauliza afya. Wao waliuliza kwa sababu studio ingecheka.

Na nadhani hili ni muhimu: hakuna mtu anayekitunza kitu anachokidharau. Ukimfundisha mtu kuuonea aibu mwili wake, usitegemee atautunza. Mtakatifu Bernardo alizipanga ngazi nne za upendo. Mtu anaanza kwa kujipenda kwa ajili yake mwenyewe, kisha anampenda Mungu kwa faida anayoipata, kisha anampenda Mungu kwa ajili ya Mungu. Ungedhani ameshafika. Bado. Ngazi ya nne, ya juu kabisa, ni kujipenda tena, sasa kwa ajili ya Mungu. Bernardo anasema hajui kama kuna aliyeifikia kikamilifu katika maisha haya. Kujikubali, kwa maana hiyo, ni jambo la mwisho la safari.

Ninachokipenda zaidi kwenye dokumentari ni kitu kidogo anachokisimulia Macaulay Culkin, Kevin wa Home Alone. Mwaka mmoja kabla ya Home Alone walicheza pamoja Uncle Buck (1989). Culkin alikuwa mtoto, na baba yake alikuwa mkali kwake. Anasema Candy aliliona jambo hilo mapema, wakati watu wazima wengine hawakuwa wanaangalia, akawa anamuuliza kama mambo yako sawa nyumbani. Mtoto aliyekua bila baba alimwona mtoto anayeteswa na baba. Hakuna kamera iliyokuwa inachukua hapo, hakuna aliyecheka. Kama jirani yako anapendwa kwa kipimo cha nafsi yako, basi sehemu ya nafsi iliyoumia nayo ilikuwa kipimo, na Candy aliitumia.

Kwenye Cool Runnings kuna mazungumzo yanayofanana na hili. Kocha Irv aliwahi kushinda medali za dhahabu, halafu akadanganya, akafedheheka. Kijana wake, Derice, usiku kabla ya shindano la mwisho anamuuliza kwa nini alidanganya. Irv anamjibu kwamba alihitaji kushinda. Na anamwambia, kwa maneno yangu mimi, kama bila medali hujioni unatosha, hata ukiwa nayo hutatosha. Candy aliigiza hayo mwaka mmoja kabla ya kufa. Siwezi kuiangalia sehemu hiyo sasa bila kusikia mtu mwingine nyuma ya Irv.

Misa yake ya maziko iliadhimishwa katika kanisa la Mtakatifu Martino wa Tours, Los Angeles, akazikwa makaburi ya Kikatoliki ya Holy Cross. Polisi walisimamisha magari kwenye barabara kuu ya 405 msafara upite, katika mji ambao foleni haisimami kwa ajili ya mtu.

Filamu ina udhaifu. Inampenda mno mtu wake, kila anayeongea ni rafiki, na kuna sehemu inakuwa kama hotuba za msibani kwetu, marehemu hakuwa na kasoro hata moja. Mimi ningetaka wakae zaidi kwenye ile miaka ya mwisho, kwenye hofu. Lakini iangalieni.

Kwa vikundi vya vijana: kama mtaangalia na Planes, Trains and Automobiles, mlezi aipitie kwanza, kuna sehemu kwenye ofisi ya kukodi magari ina matusi mengi mfululizo, iruke. Simamisheni filamu mara tu Del anapomaliza kujibu hotelini, kabla Neal hajasema lolote, mjadiliane. Maswali yangu ni haya. Nani kwenye kikundi chetu ana jina la utani ambalo hakulichagua? Amewahi kuulizwa kama analipenda? Mwulizeni pembeni, si mbele ya watu, maana mbele ya watu atacheka na kusema halina shida. Na kwenye sala ya mwisho, mwombeeni John Candy kwa jina, pamoja na marehemu wenu waliowachekesha.